Gari Ndani ya Gari

Vijana wenzangu wa reli, siku mliyoniaga mlinipa kiti cha kukunja na mkaniomba niandike niliyoyaona. Kiti nimekikalia. Kuandika ndiko kulikochukua muda, maana mke wangu kila akiniona na kalamu anadhani naandika wasia. Vyeo sitavitaja, vyangu vilifika kwa kuchelewa, kama gari la moshi la Soroti wakati wa mvua. Mishahara nayo tuiache ipumzike. Nitawaeleza habari za mwanamke mmoja, mtoto wake na gari la kumsukumia huyo mtoto, kwa sababu mama huyo alinifunza kazi hii ingawa hakuajiriwa na reli hata siku moja.

Nilianza Tororo miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya. Kwetu ni Rubongi, kwa hiyo nilikwenda kazini kwa miguu, viatu mkononi, nikavivaa nilipoiona reli. Nilipangwa ofisi ya vifurushi chini ya Mzee Olweny, Mjaluo kutoka upande wa Kenya, mtu mwembamba mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Siku ya kwanza alinionyesha vitu vinne: mizani, chungu cha gundi na brashi yake, kitabu cha lebo, na simu ya kuzungusha kwa mkono.

"Mizani haidanganyi," akasema. "Gundi haidanganyi. Lebo itadanganya ukiiandika vibaya. Simu itadanganya hata ukisema vizuri."

Kisha akanipa brashi, nikabandika lebo mpaka jioni. Vidole vya mkono wa kulia viligandana, nikala kwa mkono wa kushoto, na mama yangu akaniuliza reli imenifundisha adabu gani hiyo.

Mzee Olweny alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka mingi, na Kiswahili chetu cha mpakani kilimuuma kama jino bovu. Kwetu kila kitu ni "i". Ng'ombe imekuja, mvua imekuja, mwalimu imekuja. Alikuwa akisimamisha kazi ili atusahihishe. "Mwalimu ni mtu," anasema, "mpe 'a' yake. Gari ni gari, lipe 'li' yake. Mkivichanganya, iko siku mtaniletea maafa." Tulimwitikia ndiyo mzee, akigeuka tunacheka. Nilimwona mtu wa kutafuta mfupa kwenye uji.

Mama Nekesa alikuja Jumatano moja asubuhi, kwa basi la kutoka Busia. Kabla sijamwona yeye niliona watu wamekusanyika nje, wakitazama juu ya basi, ambako utingo alikuwa akifungua kamba na kuteremsha gari la mtoto. Gari lenyewe lilikuwa kubwa, jeusi, lenye magurudumu manne na paa la kukunja, mali ya bibi mmoja wa Kizungu wa kiwanda cha saruji. Yule bibi alikuwa amerudi kwao, akaliacha kwa yaya wake, shangazi ya Mama Nekesa. Mjini Tororo vitu vya namna hiyo tulikuwa tumeviona vikisukumwa na yaya, ndani yake mtoto mweupe. Mama mweusi, mwembamba, wa Kisamia, miguu ina vumbi la Busia, akisukuma mtoto wake mwenyewe, hilo lilikuwa sinema ya bure. Mtu mmoja akasema, "Ona, bibi DC amefika." Mama hakugeuza hata shingo.

Akaja moja kwa moja dirishani kwangu. "Karani, nakwenda Mbale. Mimi, mtoto, na gari ya mtoto."

Nami nilikuwa kijana mwenye sare mpya, na mnajua sare mpya inavyomfanya mtu. Nikamwambia, "Mama, gari yako inakula nafasi ya magunia mawili. Kwa nini usimbebe mtoto mgongoni kama watu wengine?"

Alifunua shuka. Mtoto alikuwa wa miezi mitatu hivi, msichana, macho makubwa. Miguu yote miwili ilikuwa imefungwa plasta nyeupe, ngumu, kuanzia vidoleni hadi mapajani, imekunjwa magotini. Mama akanitazama.

"Mbebe wewe," akasema.

Nikaandika lebo.

Habari yake niliijua kidogo kidogo, Jumatano baada ya Jumatano. Nekesa alizaliwa miguu imegeukia ndani, nyayo zinatazamana kama watu wawili wanaoteta. Baba yake alikuwa migodini Kasese na barua zake zilikuwa fupi. Nyumbani walisema mtoto aachwe alivyo, Mungu hakosei. Mama Nekesa akawajibu kwamba kweli Mungu hakosei, ndiyo maana aliweka daktari Mbale. Daktari huyo alikuwa ananyoosha miguu kidogo kila wiki, anaifunga plasta, wiki ijayo anaikata, ananyoosha tena, anafunga tena. Plasta mbichi haitakiwi kubanwa. Kumfunga mtoto mgongoni kulikatazwa kabisa mpaka miguu inyooke. Na wiki isikosekane, kwa sababu mifupa ya mtoto ina kiburi, ukiiachia inarudi ilikotoka.

Sasa nataka mumwone alivyosafiri. Sheria ilikuwa kwamba gari la mtoto liende tupu kwenye behewa la gadi, yaani msimamizi wa treni, na mtoto apakatwe. Kwa hiyo alimwinua Nekesa kwa mkono mmoja, plasta na vyote, na kwa mkono wa pili akakunja paa, akafunga breki kwa kidole cha mguu, akageuza mpini, akatuambia sisi wanaume wawili tushike wapi. Sisi tulikuwa tunashika kwenye magurudumu. "Si hapo, hiyo inazunguka," alituambia, kwa upole, kama mtu anayesema na ng'ombe. Alijua mlango gani wa daraja la tatu una ngazi ya chini zaidi. Alijua akae upande gani ili jua lisimchome mtoto asubuhi, na upande gani jioni. Nepi alizianika dirishani, amezibana kwa kioo, zinapepea hadi Mbale, na gadi mmoja aliyelalamika kwamba zinafanana na bendera ya hatari aliambiwa, "Basi simamisha treni." Hakusimamisha. Alikuwa na chupa ya chai, kitambaa cha kukalia, na kisu kidogo cha kumenyea machungwa. Sijawahi kuona abiria aliyejipanga namna ile, na nimewahi kusafirisha jeshi.

Mzee Olweny, ambaye hakusifu hata chakula cha mkewe, alisema, "Huyo angekuwa stesheni masta." Kuli wetu Okiror, Mteso wa miraba minne, alianza kuvaa shati safi siku za Jumatano. Mimi nilikuwa nimeacha ile sauti ya sare. Mama Nekesa alinifundisha kufunga ile breki, na akaniuliza tena na tena mpaka nikaijua gizani.

Hivyo ikaenda miezi minne. Kisha mvua ikabomoa daraja dogo huko njia ya Busia, na Jumatano moja hakuja.

Wiki iliyofuata alikuja kabla ya saa moja, baada ya kulala kwa jamaa Tororo, uso ameukaza. Alisema daktari alishamwonya. Wiki moja ikikosekana, ataangalia. Mbili zikikosekana, ni kuanza upya, na mtoto akishakua kidogo plasta haifui dafu, ni kisu. Daktari wa plasta alikuwepo Jumatano tu, na saa sita anaondoka. "Leo nifike, karani," akasema. "Leo hata kwa kutambaa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Neno hilo tangu siku hiyo sijalitumia tena kazini, na mtaona kwa nini.

Asubuhi ile Okiror hakuwepo, alikuwa kwao Sop Sop kwa mazishi ya shangazi yake. Badala yake tulipewa kuli wa muda, mtu mzima wa Malaba, mwenye nguvu na haraka. Na gari la Kampala, ambalo kwa kawaida huwa limeshakwenda, lilikuwa limechelewa, kwa hiyo yalisimama mawili, la Kampala upande huu na la Mbale upande ule. Watu walikuwa wengi, kuku wengi, kelele. Nilibandika lebo vizuri, MBALE, kwa herufi kubwa. Mama alikuwa ameshapanda na mtoto. Kengele ikalia. Nikamsukumia kuli lile gari la mtoto nikamwambia kwa haraka:

"Weka gari kwa gari, upesi, gari inaondoka!"

Angalieni sentensi hiyo. Magari matatu, na hata moja halina jina. Yule bwana alitazama kulia na kushoto, akaona lililokuwa linaondoka ni la Kampala, akakimbia nalo, akamtupia gadi. Lebo hakuisoma, hakujua kusoma, na mimi sikumuuliza. Akarudi anahema, amefurahi kwamba aliliwahi. Wakati huo la Mbale nalo likaanza kuvuta.

Nilipofahamu, nilisukuma watu nikakimbilia ofisini. Nilirukia simu, nikazungusha mpaka mkono ukauma, nikapata stesheni ndogo ya mbele kwenye njia ya Kampala. Simu ilikuwa na kwikwi, inameza neno moja, inatema moja. Nikapiga kelele:

"Gari ya mtoto imepotea! Iko kwa gari yenu! Tafuteni!"

Aliyepokea alisikia, "...mtoto imepotea, iko kwa gari yenu, tafuteni." Naye alikuwa mtu wa mpakani kama mimi. Kwake mtoto kupotea ni "imepotea", na gari kupotea ni "imepotea". Hapakuwa na kitu kwenye sentensi yangu cha kumzuia.

Gari la Kampala lilipofika kwake alisimama kwenye reli na bendera nyekundu. Abiria wote waliteremshwa. Wakatafuta chini ya viti, chooni, ndani ya magunia ya mahindi. Akina mama wakahesabu watoto wao, mmoja akapata amezidi, kumbe ni wa jirani. Kisha wakafungua behewa la gadi, na humo wakakuta gari la mtoto, tupu, limefungwa breki, na kofia ndogo ya sufi juu ya mto. Hapo vilio vikaanza. Walidhani mtoto ameanguka njiani. Wanaume ishirini wakarudi kwa miguu wakifuata reli kuelekea Tororo, wanaangalia majanini pande zote mbili, kasisi mmoja akiwa mbele yao anasali.

Stesheni masta wetu alipokea simu ya kwamba mtoto wa Tororo amekufa. Alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tena mpaka leo. Nikajaribu kueleza, "Si mtoto, ni gari, gari imepotea." Mzee Olweny alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkono kwenye paji la uso.

"Ungesema 'limepotea'," akasema taratibu. "Hata simu ingekula nusu ya maneno, mtu angejua si binadamu."

Akainuka akaizungusha simu mwenyewe, awaambie waache kutafuta. Sikucheka.

Lakini nilichokiogopa zaidi hakikuwa stesheni masta. Nilikuwa naona mama amefika Mbale, gari halipo, kutoka stesheni hadi hospitali ni mwendo wa nusu saa na kilima juu yake. Mtoto wa miezi saba, na plasta mbili, ni uzito wa kumchosha mwanamume, na mgongoni asibebwe. Niliona saa sita inapita, daktari anafunga sanduku lake. Niliona miguu ile inarudi ndani, kwa sababu yangu, kwa sababu ya mdomo wangu mvivu. Nilikwenda nyuma ya ghala nikamwomba Mungu, na mimi si mtu wa kumsumbua.

Yaliyotokea Mbale nilihadithiwa na kuli wa kule, ambaye aliyahadithia mpaka akastaafu. Mama Nekesa aliteremka, akaenda behewa la gadi, akaambiwa hakuna gari la mtoto. Aliuliza mara moja tu. Hakulia, hakutukana. Alitazama huku na huku, akaona rukwama ya stesheni, ile ndefu ya kubebea mifuko.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni gari ya mizigo, mama."

"Na huyu ni mzigo wangu." Akatandika kitambaa cha kukalia juu ya rukwama, akaweka magunia mawili matupu chini yake, akamlaza Nekesa, akashika mpini.

"Mama, hiyo mali ya reli haitoki nje ya geti."

"Basi ifuate uilinde," akasema, akatoka nayo.

Kuli akaifuata. Angefanya nini? Walipofika kwenye kilima alikuwa anasukuma yeye, na mama anatembea kando, kwa ncha ya leso amemkinga mtoto na jua. Mjini watu walisimama kutazama mali ya reli inapita na mtoto juu yake kama machungwa. Walifika hospitali saa tano na nusu.

Jioni gari la kurudi lilipoingia Tororo nilikuwa nimesimama pale na gari la mtoto, lililokuwa limerudishwa na treni ya mizigo. Nilikuwa nimelifuta vumbi mpaka linang'aa. Stesheni masta alikuwa kando yangu na fomu mkononi. Gari la Kampala lilikuwa limechelewa saa nzima na zaidi, na mkubwa wa mkoa alitaka jina la mkosaji na malalamiko ya abiria, yametiwa sahihi. Kwa malalamiko hayo ningekuwa shambani Rubongi kabla ya wiki kwisha.

Mama Nekesa aliteremka. Plasta za mtoto zilikuwa mpya, bado zina unyevu. Alinitazama, akaliangalia lile gari, akaingiza mkono akagusa breki.

"Nimekosa, mama," nikasema. "Nimekukosea sana."

"Umekosa," akasema. "Leo nimesukuma mtoto wangu kwa rukwama ya mifuko, watu wanauliza bei. Ungekuwa mdogo wangu ningekuchapa hapa hapa." Alisema hayo bila kupaza sauti, na aliyasema yote, kuanzia kilima hadi jua, na mimi nikasimama nikayapokea.

Stesheni masta akamnyooshea fomu na kalamu. "Basi mama, weka sahihi hapa, huyu tumwondoe."

Alimlaza Nekesa kwanza, akamfunika, akapanga mito pande zote mbili za plasta. Ndipo akajibu.

"Bwana mkubwa, huyu karani nimemfundisha miezi minne namna ya kufunga hii breki. Mkimfukuza, mimi nianze kufundisha mwingine? Sina nafasi. Jumatano ijayo nakwenda tena."

Akasukuma gari lake akaelekea kituo cha basi. Fomu ilibaki tupu. Nilipewa onyo la maandishi, ambalo ninalo hadi leo, na Mzee Olweny akanipa lake la mdomo: kwa mwezi mzima kila kitu kilichopita dirishani nilikitaja kwa jina lake na kwa herufi yake. Kuku amefika. Gunia limefika. Treni imefika. Ndugu zangu, mlikuwa mnanicheka nikiwasahihisha kwenye simu. Sasa mnajua.

Aliendelea kuja. Wiki zikawa wiki mbili mbili, kisha mwezi. Plasta zikafupishwa hadi magotini. Okiror alimchongea Nekesa njuga ya mti. Hatukumuuliza mama miguu inaendaje, kwa kuwa tuliogopa jibu.

Jumatano moja jioni gari la Mbale liliingia, nami kama kawaida nikaenda behewa la gadi kupokea gari la mtoto. Gadi akasema leo hamna. Nikakimbia kando ya mabehewa, nachungulia madirishani, mpaka nikamwona anateremka kwa ule mlango wa ngazi ya chini, mikono mitupu.

"Mama Nekesa, gari la mtoto liko wapi?"

"Nimemwachia mama mmoja wa Bulumbi, pale hospitali. Wake ana wiki mbili tu, miguu yote miwili."

"Na Nekesa?"

Aligeuka, akanipa mgongo. Nekesa alikuwa amefungwa hapo kwa leso, shavu limelala kati ya mabega ya mama yake, na kila upande wa kiuno ulitokeza mguu mmoja, mwembamba, mweupe kwa ngozi iliyokauka, unyayo umenyooka unatazama chini kama wa mtoto yeyote wa Busia. Niliushika mmoja kwa mkono huu, na wa pili kwa mkono huu, nikaanza kulia mbele ya daraja la tatu lote.

"Taratibu, karani," akasema. "Utamwamsha."